Kichwa cha Nyumba ya Akina Odell

Jumatatu ni siku ya soko la ukili, na siku hiyo ukitaka kuvuka barabara kuu ya Luton utajipenyeza kwa bega. Wanawake wa vijijini walikuwa wamesimama pande zote mbili, mafungu ya ukili wa mabua ya ngano yamewaning'inia mikononi, na wenye viwanda vya kofia wanapita wakibonyeza, wakinusa, wakikunja nyuso ili bei ishuke. Upepo wa Machi nao ulikuwa na utani mbaya. Keziah Odell aliinama kukagua ukili mweupe, na alipoinuka kichwa chake kilikuwa kitupu.

Mshona kofia hana kofia, katikati ya soko la kofia. Wanawake wa ukili waliangua kicheko. Keziah alishika nywele zake kwa mkono mmoja na gauni lake la kijivu kwa mkono mwingine, akaangaza huku na huku, ndipo akaiona kofia yake, ile yenye utepe wa kijani, imekaa vizuri juu ya kichwa cha mbao. Kichwa chenyewe kilikuwa kwapani mwa mwanamume mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kaka, hiyo kofia ni yangu."

"Hii?" Yule mwanamume alikigeuza kichwa cha mbao, akakitazama. "Mwenzangu huyu anasema ilimjia yenyewe."

"Mwambie mwenzako hana masikio ya kuizuia."

"Ana adabu lakini. Hajibu wanawake." Akaivua kofia taratibu, akapitisha vidole ndani yake, kisha akatabasamu. "Una kinundu nyuma ya sikio la kushoto."

Keziah aliona uso unamchemka. Kinundu hicho alikipata utotoni alipoanguka ngazini, na hakuna aliyekijua isipokuwa mdogo wake. "Umekijuaje?"

"Kofia imeniambia. Mimi ni Josiah Fensome, mchonga vichwa. Kazi yangu ni kuchonga hivi vichwa ambavyo nyinyi mnatandazia kofia zenu. Kitendawili."

"Tega," alijibu Keziah kabla hajajizuia, maana wanawake wa Luton hupitisha saa za kusuka kwa vitendawili.

"Nyumbani kwangu kuna vichwa arobaini, na hakuna hata kimoja kinachofikiri."

"Vya mbao hivyo. Na umejisahau, mko arobaini na moja."

Akaichukua kofia yake akaenda zake. Lakini alipofika pembeni mwa barabara aligeuka, na Josiah alikuwa bado amesimama palepale, anacheka peke yake.

Nyumba ya akina Odell ilikuwa ya ghorofa moja, duka chini, chumba cha kushonea juu. Juu ya mlango kulikuwa na kibao: AKINA DADA ODELL, KOFIA. Dada walikuwa wawili tu, Keziah na Lettice, ambaye wote walimwita Letty. Na juu, chini ya dirisha kubwa, kulikuwa na meza ndefu ya mwaloni ambayo ilikuwa na habari yake.

Meza ile ilikuwa ya mama yao. Aliinunua kwa ukili wake mwenyewe kabla hajaolewa. Alipoolewa, meza ikawa ya mumewe, maana sheria ya England ilikuwa hivyo: mwanamke akishavaa pete, sindano yake, senti yake na kiti anachokalia ni vya bwana. Siku moja ya soko baba aliiuza meza kwa jirani, akatia hela mfukoni, akaondoka. Mama hakuwa na pa kushtaki. Kesho yake alivaa aproni, akavuka barabara, akakaa kwenye meza ileile ndani ya nyumba ya jirani, akashona kwa ujira mpaka alipofariki. Mabinti waliikomboa meza baada ya miaka mingi. Siku walipoipandisha ngazini, Keziah aliweka kiganja juu yake akasema, "Haitakuwa ya mwanamume tena." Letty naye akaweka chake.

Sasa fikiria Keziah alivyojisikia pale moyo wake ulipoanza kusikiliza mlango.

Kati ya duka na chumba cha juu kulikuwa na bomba la shaba la kusemea. Aliye chini hupuliza, filimbi iliyoziba mdomo wa juu hulia, basi wa juu huichomoa filimbi wakaongea. Lilikuwa la kuitishia kofia za wateja. Tangu Aprili, likawa la Josiah Fensome.

"Fiii."

"Nani?"

"Mteja. Nataka mwanamke mmoja, kinundu nyuma ya sikio."

"Wa namna hiyo hatuuzi."

"Basi mniazime. Nimeleta chakula."

Chakula chenyewe kilikuwa lile andazi refu la kuchemsha la kwetu Luton, nyama upande mmoja, jamu upande wa pili. Josiah aliushika upande wa jamu, Keziah upande wa nyama, wakala kuelekea katikati, Letty akiwatazama kwa jicho la pembeni huku sindano haisimami.

"Siku moja mtakutana katikati," alisema Letty, "na mimi nitakuwa nimekaa hapahapa sina hata makombo."

"Shemeji, nitakuchongea kichwa cha mwanamume," alisema Josiah. "Kimya, msafi, na asiyekula."

"Shemeji ya nani? Mtu hajaposa, ameshanipa cheo."

Keziah alicheka, lakini usiku hakulala vizuri. Mtu alikuwa mwema, na hilo ndilo lililomtisha. Mama naye alisema hivyohivyo kuhusu baba.

Ikafika siku moja ya Mei. Letty, akiwa juu, alipokea oda kwa bomba akasahau kurudisha filimbi, kisha akatoka kupeleka maboksi stesheni. Keziah alikuwa juu peke yake, sindano mdomoni, akawasikia wanaume wawili dukani, sauti zinapanda na bomba kama moshi. Mmoja alikuwa Mzee Impey, mnunuzi wa jumla, mtu wa tumbo na maoni.

"Duka zuri," Mzee Impey alikuwa anasema, "ila wanawake wawili peke yao, nyumba haina kichwa. Oa upesi, kijana."

Na sauti ya Josiah ikajibu, ya furaha kabisa: "Kichwa cha nyumba hii kiko tayari, mzee. Nimekimaliza jana. Kimebaki kuletwa tu na kuwekwa juu, kwenye ile meza."

Mzee Impey alicheka mpaka akakohoa. Keziah hakusikia kilichofuata. Alikuwa ameitoa sindano mdomoni na ameichoma kwenye kidole chake mwenyewe.

Aliposhuka, Mzee Impey alikuwa ameshaondoka. Josiah alisimama katikati ya duka, kofia mkononi, koti lake la kahawia limepigwa brashi, macho yanang'aa kama ya mtu aliyeficha zawadi.

"Bwana Fensome," alisema Keziah, na Josiah akashtuka, maana jina hilo lilikuwa halijatumika tangu Pasaka. "Nyumba hii ina vichwa viwili. Vinatosha."

Mwanga ukamtoka usoni. "Umeshasikia habari ya kichwa."

"Nimesikia."

"Nilitaka iwe siri. Nilidhani ungekipenda, Keziah. Nimekihangaikia sana."

"Najua ulivyokihangaikia. Tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza, ndiyo. Hata kukiona hutaki?"

"Nakiona. Kimesimama mbele yangu. Na kwenye meza ya mama yangu hakitakaa."

Josiah alimtazama. Akavaa kofia yake. "Haya," alisema polepole. "Kitabaki kwangu na wenzake arobaini." Kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

Keziah hakulia. Alipanda juu, akairudisha filimbi ndani ya bomba, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikaingia sana.

Kofia zikashonwa, zikauzwa. Letty aliuliza mara moja akajibiwa mkato, akanyamaza. Lakini umbo jipya la kofia za Juni lilihitaji vichwa vipya, na mchonga vichwa hodari mjini alikuwa yule yule.

"Niende mimi," alisema Letty. "Wewe baki hapa na hasira zako, zina kazi nyingi."

Alirudi jioni na kitu amekifunga ndani ya shali yake kama mtoto. Alikiweka juu ya meza ya mwaloni, akafungua shali.

Kilikuwa kichwa cha mbao, laini, kimepakwa mafuta, rangi ya asali. Letty alitwaa kofia yenye utepe wa kijani msumarini, akakivisha. Ilikaa bila hata kuvutwa.

"Pitisha mkono nyuma ya sikio la kushoto," alisema.

Keziah alipitisha mkono. Vidole vyake vikakutana na kinundu.

"Kilikuwa rafuni, peke yake," alisema Letty. "Nikamuuliza, hiki cha nani? Akasema, cha mwenye nyumba ya akina Odell, lakini mwenyewe amekikataa. Nikamwambia, dada yangu hajawahi kukataa kitu cha bure. Ulimwambia nini yule mtu, dada?"

Keziah akamweleza, neno kwa neno, la bomba na la dukani. Letty alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi sakafuni akacheka hadi machozi. "Yeye anaongea habari ya mbao, wewe unaongea habari ya ndoa. Na mlielewana vizuri kabisa."

Keziah naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kilio, na Letty akainuka akamshika mabega.

"Basi nenda kwake."

"Siendi bado." Keziah alijifuta kwa aproni. "Nilikosea juu yake. Sikukosea juu ya sheria. Moyo wake uwe mwema namna gani, siku nikiolewa meza hii ni yake, na nusu yangu ya duka ni yake. Akifa ni ya ndugu zake. Akibadilika, ni kama mama. Namwamini yeye, Letty. Sheria ndiyo siiamini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nataka nikupe nusu yangu kabla sijaolewa. Yote iwe yako. Wewe huna mume, sheria inakuhesabu mtu. Nitakuja kila asubuhi nikushonee kwa ujira. Hakuna mwanamume atakayekuta chochote mkononi mwangu."

Letty aliacha kumshika mabega. Aliichukua sindano, akaitazama, akaiweka. "Na mimi nikitaka kuolewa?"

Hilo Keziah hakuwa amelifikiria, na aibu ilimpanda.

"Unaniomba nikae bila mume ili wewe upate mume," alisema Letty. "Sisemi sitaki. Nasema hukuniuliza. Umeniambia."

"Nakuuliza, mdogo wangu. Ukisema hapana, naenda kumrudishia kichwa chake kesho, na nitakaa hapa nawe bila kinyongo."

Letty alizunguka meza yote, akipapasa ukingo wake kwa kidole kama alivyokuwa akifanya utotoni. Alipofika upande wa pili alisimama.

"Mwanamume pekee anayenitazama siku hizi ni Mzee Impey, na yeye anatazama kofia. Nitaishika meza, dada. Nitaishika mpaka sheria ibadilike au nibadilike mimi. Siku nikibadilika tutakaa tena hapa, sisi wawili, tutafute njia nyingine." Kisha akaongeza, "Na ukichelewa asubuhi nakukata mshahara."

Mwanasheria waliyemwendea aliwaambia inawezekana, ila jambo moja: isifanywe kwa siri. Mchumba asipoambiwa kabla ya harusi, anaweza kuja kudai amedanganywa, na yote yakaanguka. Lazima aambiwe waziwazi, na akubali au aende.

Jumatatu iliyofuata Josiah aliitwa. Alikuta dukani hakuna mtu ila Letty, amevaa gauni la bluu la kanisani, mikono kifuani kama askari. Alimwonyesha bomba kwa kidevu.

Josiah alipuliza. Juu filimbi ililia kwa shida, maana ilikuwa imesukumwa sana, kisha ikachomolewa.

"Josiah," ilisema sauti ya Keziah. "Nina kichwa chako hapa mezani. Kimekaa vizuri. Nilidhani kichwa cha nyumba ni wewe."

"Mimi?" alisema Josiah. "Mimi ni wa arobaini na moja."

Keziah aliegemeza paji la uso kwenye shaba baridi. "Nisikilize kabla moyo haujanishinda. Leo hii nusu yangu yote inakuwa ya Letty. Meza, duka, sindano, mabua. Ukinioa unachukua mwanamke na gauni la kijivu. Nitashona hapa kila siku, na jina la mlangoni halifutwi. Sikupimi wala sifanyi mzaha. Ndivyo itakavyokuwa, uwepo usiwepo. Kama hutaki, mlango uko nyuma yako na sitakusema vibaya mjini."

Letty alimtazama Josiah usoni, na baadaye alimwambia dada yake kwamba mtu yule alikunja uso kidogo, kama anayemeza kitu kikavu. Si rahisi. Mjini watasema mengi, Mzee Impey wa kwanza. Kisha Josiah aliinama tena kwenye bomba.

"Lile andazi letu. Nani atakula upande wa nyama?"

"Mimi."

"Nilijua. Nimekubali, Keziah. Hata ningekuwa na shaka, huyu mdogo wako amesimama mlangoni na uma wa kuchomea mkate."

"Sina uma," alisema Letty kwa sauti, "ila naweza kuufuata."

Keziah alicheka ndani ya bomba, na shaba yote ikatetemeka. "Bado hujaposwa. Kitendawili."

"Tega."

"Nina nyumba sina nyumba, nina meza sina meza, nina kichwa na sina bwana juu yake, na Jumapili ijayo kanisani nataka kumshika mtu mkono."

Josiah alilijua jibu. Letty alikuona kujua kwake kunapanda kutoka shingoni mpaka kwenye nyusi zenye vumbi. Lakini alikuna kichwa, akahema kama mtu aliyeshindwa kabisa.

"Nimeshindwa," alisema.

"Basi nipe mji."

"Nakupa Luton," alisema Josiah Fensome. "Ila uuandikishe kwa jina la Letty."