Wageni wa Verlene

Kila asubuhi Verlene Tolliver huchemsha uji wa mahindi katika sufuria kubwa. Wanaoula ni yeye, binti yake Twyla, na wajukuu wawili: Jamesetta, na Cordell ambaye bado ananyonya. Twyla alipoteza kazi jijini Memphis mwaka jana, akarudi kwa mama yake. Mji wetu ni mdogo na una umbea mwingi, basi Verlene akatangaza kanisani kuwa binti yake amekuja kumtembelea tu. Matembezi hayo yamepita Krismasi, yamepita na Pasaka.

Siku moja ya joto kali, Cleophus Banks alibisha hodi. Cleophus ni jirani, dereva mstaafu wa basi la shule. Safari hii alikuja na kitambulisho cha sensa shingoni.

"Dada Verlene, wewe hujajibu fomu ya sensa. Hapa mnakaa wangapi?"

"Nakaa mwenyewe."

Cleophus alitazama viatu vidogo barazani. "Na hivi?"

"Vya wageni. Kwani mimi sitembelewi?"

"Wageni wa tangu lini hao?"

"Cleophus, umekuja kuhesabu au kupekua?"

Mzee wa watu akaaga. Verlene alipogeuka, alimkuta Jamesetta amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Bibi," mtoto aliuliza, "mgeni anaweza kufungua friji, au aombe kwanza?"

"Fungua tu, mwanangu."

Jamesetta alikunywa maziwa. Akaosha glasi, akaifuta, akairudisha pale pale alipoitoa. Kisha akaenda kukaa kando ya begi lake la nguo. Begi hilo lilikuwa pembeni mwa kochi tangu siku waliyofika, na Verlene hakuwahi kumwambia alifungue. Aibu ilimshika bibi huyo mpaka akashindwa kumtazama mtoto usoni.

Akatoka na ndala zake, akamkuta Cleophus kwenye uzio wa nyumba ya pili.

"Rudi. Nimekudanganya."

"Najua."

"Mkataba wa kupanga nyumba hii una jina langu tu. Mwenye nyumba akisikia, tutatupwa nje."

"Kwangu hatasikia. Nimekula kiapo, na sheria inanifunga mdomo maisha yangu yote. Mwenye nyumba haambiwi, polisi haambiwi, mchungaji haambiwi."

"Hata mchungaji?"

"Huyo ndiye kabisa."

Verlene alicheka kidogo, kisha akainama. "Si mkataba peke yake. Niliona haya watu wajue Twyla amerudi mikono mitupu."

Cleophus hakumsimanga. "Sensa haiulizi mkataba," alisema. "Inauliza mtu anakaa na kulala wapi siku nyingi. Mtoto mchanga naye ni mtu."

"Si watahesabiwa Memphis?"

"Na nani, wakati hawapo? Watoto ndio wanaosahauliwa sana. Halafu fedha za shule na zahanati zikigawanywa, watu wa juu wanatazama hesabu. Wanaona nyumba hii ina kikongwe mmoja."

"Kikongwe nani?"

Walirudi wakakaa mezani. Twyla alitaja jina lake na la Cordell. Jamesetta alitaja lake kwa sauti ndogo.

"Na wewe ni nani katika nyumba hii?" Cleophus alimuuliza.

Mtoto alimtazama bibi yake.

"Ni mjukuu wangu," alisema Verlene. "Anakaa hapa."

Jioni hiyo Verlene alihamisha kofia zake za kanisani kutoka kwenye droo. Jamesetta akapanga nguo zake humo. Wiki ile ile Verlene na Twyla walimwendea mwenye nyumba. Alinung'unika, lakini akayaongeza majina ya Twyla na watoto kwenye mkataba.

Jumapili, mama mmoja kanisani aliuliza kwa sauti ya kusikika benchi zima, "Verlene, wageni wako bado hawajaondoka?"

Uso wa Verlene uliwaka moto. Jamesetta aliangalia viatu vyake.

"Sina wageni," alisema Verlene, akamshika mtoto mkono. "Hebu sogea, tukae."