Mdhamini wa Chiriku

Kila asubuhi Chiriku aliamka kabla ya wenzake wa chumbani ili awahi foleni ya bafu. Akishavaa aliteremka ngazi za bweni na mkoba wake begani, akaenda kukaa mstari wa nyuma kabisa katika ukumbi wa mihadhara. Huko nyuma mhadhiri huonekana mdogo, na mwanafunzi haonekani kabisa. Hilo ndilo alilolitaka.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa kuwa tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ulimkomesha. Darasani walikuwa mamia, na wote aliwaona werevu kuliko yeye, basi akaufyata ulimi.

Kisha shida ikabisha hodi. Mama yake, fundi cherehani aliyemsomesha kwa kushona sare za shule, macho yalianza kufifia, na hata kutunga uzi kwenye sindano kukamshinda. Alimwambia bintiye kwa simu, bila kuzungukazunguka, kwamba mwaka wa pili hataweza kuulipia. Chuo kilikuwa na mfuko wa kusaidia wanafunzi, lakini kila mwombaji alitakiwa awe na mdhamini wa kitaaluma, yaani mhadhiri aliyemfundisha na anayeweza kueleza bidii na tabia yake. Bila mdhamini hakuna msaada, na bila msaada Chiriku angefungasha na kurudi nyumbani.

Alianza na mhadhiri wa takwimu. Bwana yule alimtazama, akamuuliza kama kweli yumo darasani kwake. Alifungua kompyuta, akaona alama zake, nazo zilikuwa nzuri.

"Alama ninaziona, binti yangu," alisema. "Wewe ndiye nisiyekujua. Sasa nitashuhudia nini?"

Wa kemia alimjibu vivyo hivyo, ila yeye hakuinua hata kichwa. Chiriku alitoka machozi yakimlengalenga.

Aliyekuwa na dawa ya shida hiyo ni Wakili, msichana wa kitanda cha jirani, aliyeitwa hivyo kwa kupenda kubishana. Naye alikuwa akiomba msaada uleule. Alimnong'oneza Chiriku kwamba binamu yake ana duka la kuchapisha, na humo muhuri wowote unachongwa. Barua ya mhadhiri itatoka safi, na nani atajua?

"Kwani hakuna mhadhiri anayekujua?" Chiriku aliuliza.

"Anayetujua ni yule mama wa botania tu. Na unajua anatujua kwa lipi. Ukienda kwake umejipalia makaa."

Chiriku alijua. Muhula wa kwanza, katika somo hilo la mimea, walitakiwa kutazama ngozi ya kitunguu kwa hadubini na kuchora walichokiona. Kwenye kioo cha Wakili kulikuwa na kiputo cha hewa. Yeye alidhani ni seli, akakichora kwa makini. Chiriku alikuwa ameshindwa kuirekebisha hadubini yake, akaona haya kuomba msaada, basi akachungulia mchoro wa Wakili na kuunakili pamoja na kiputo chake. Mhadhiri aliwaita wote wawili. Hakugomba. Alisema tu kwamba viputo viwili vya hewa haviwezi kufanana kiasi hicho, na kwamba kioo chenye kiputo ni cha Wakili, akampa Chiriku sifuri. Tangu hapo Chiriku alichora kila kitu kwa jicho lake mwenyewe, lakini hakuthubutu kumtazama yule mama usoni. Wakili naye aliamini kwamba wote wawili wamechukiwa.

Kusema kweli, habari ya muhuri ilimtamanisha Chiriku. Lakini alipomfikiria mama yake akiulizwa na majirani kwa nini binti amefukuzwa, alijikaza, akaenda kubisha mlangoni kwa mhadhiri wa botania.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa."

Alieleza shida yake. Mhadhiri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi huandika ninachokijua," alisema. "Nitaandika kwamba uliiba mchoro wa mwenzako. Nitaandika pia kwamba baada ya hapo kazi zako zimekuwa zako, maana nilikuwa nikizichunguza. Kamati inaweza kukunyima kwa hilo la kwanza. Niandike?"

Chiriku angeweza kusema hapana na kuondoka.

"Andika, Daktari. Ndivyo ilivyokuwa."

Kamati ilimwita na kumuuliza habari za mchoro ule mbele ya meza iliyojaa watu wazima. Alijibu bila kupamba. Wakampa msaada, kwa sharti kwamba kazi zake zitakaguliwa kila muhula. Mama yake alipopigiwa simu alilia kwa furaha.

Furaha hiyo haikukaa. Kamati ilikuwa ikimpigia simu kila mdhamini, na mhadhiri aliyetajwa katika barua ya Wakili alisema hajawahi kuiandika. Wakili alifukuzwa chuo. Chiriku aliporudi kutoka darasani alikuta godoro la mwenzake limekunjwa, na mwenyewe ameketi juu ya sanduku akimsubiri kaka yake aje kumchukua. Chiriku aliketi kando yake, akamshika mkono.

Chiriku alipokwenda kumshukuru mhadhiri wa botania, swali moja lilikuwa likimkereketa.

"Daktari, kama Wakili angekuja kwako, ungemwandikia?"

Mhadhiri aliweka kalamu chini. "Siku hiyohiyo. Yeye alikosea kwa kuchora alichokiona mwenyewe, na kosa la namna hiyo humfundisha mtu. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Wewe uliogopa kuuliza, ukanakili. Yeye aliogopa kuuliza, akaghushi. Mwalimu atamteteaje mtu anayejificha?"

Alitazama mlangoni.

"Nilikuwa na mazuri mengi ya kusema juu yake," alisema. "Hakuja kuniuliza."