Aliyeomba Kutuliwa Njia ya Kwihara

Hadhirina mliokusanyika, wenye mvi na wenye nywele nyeusi, mlioketi vitini na mliokunja magoti mkekani, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimekuja na habari moja, wala si ndefu. Sitaipamba, kwa kuwa haikunijia ikiwa na mapambo. Naomba masikio yenu, na aliye karibu na mlango aurudishe.

Jioni moja Ngollo, wa mtaa wa Mtendeni mjini Tabora, alikuwa na shughuli ya kawaida kabisa: kwenda kutazama gari la mtu.

Ngollo alikuwa mwalimu wa udereva. Kazi yake ilikuwa kuketi kushoto kwa wanafunzi wanaotetemeka, mguu wake ukilinda breki ya pili, huku akisema "taratibu, taratibu" kutwa kucha. Gari la shule lilikuwa halijui gia ya tatu. Mtu wa kazi hiyo akiota, huota mwendo, naye kwa miaka mingi aliota gari aina ya Altezza, ya gia sita, ya kubadilisha kwa mkono.

Mkewe, Julieth, alikuwa amemwekea mpaka. "Mwisho wa mwezi huu, Baba Kabula," alimwambia. "Ukilipata, sawa. Usipolipata, fedha zinanunua bati, na nisisikie tena habari za gia sita."

Mwezi ulikuwa unaisha, na Ngollo alikuwa amechoka hadi kwenye meno. Kila alikokwenda aliandamana na rafiki yake Aftab, muuza vipuri, mzaliwa wa Tabora mwenye ulimi usiomhurumia mtu. Gari la kwanza liling'aa kama sahani ya harusi, lakini Aftab alipopitisha sumaku ubavuni, haikukuta chuma cha kunata, ikaanguka chini.

"Hii ni gari ya udongo," alisema. "Ikinyeshewa, unabaki na usukani."

La pili walilifuata Nzega. Dalali alikuwa ameapa kwamba lina turbo. Boneti ikafunguliwa, wakainama, wakainuka.

"Turbo iko wapi?"

"Si hiyo hapo, kaka, kwenye stika," alijibu dalali, bila hata kuona haya.

La tatu lilitoa moshi wa buluu uliotia giza uchochoro mzima. Aftab akamshika Ngollo mkono. "Wewe unataka gari, au unataka mgeni wa kulisha oili?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yaliyo mazima yalimzidi uwezo, na aliyoyaweza yalikuwa maiti zilizopakwa rangi. Ngollo akaanza kuhisi kwamba nchi nzima imekula njama dhidi ya tamaa yake moja, ndogo, ya halali.

Ndipo wakaambiwa habari za Revocatus.

Nyumba yake ilikuwa pembezoni mwa mji, na gari lilikuwa uani, Altezza ya rangi ya fedha. Mwenyewe alitoka ndani ameinama, kama mtu apitaye chini ya mlango mfupi. Alipofika nje, hakuinuka. Kichwa chake kilikuwa kimezama mabegani.

"Shikamoo, mzee," alisema Ngollo.

Revocatus alimtazama usoni. "Marahaba. Umelelewa na nani?"

"Na bibi. Kule Igunga."

"Inaonekana."

Aftab akafanya kazi yake. Sumaku ilinata kila mahali. Oili ilikuwa safi. Injini iliponguruma, aliinamisha sikio kama asikilizaye kisomo. Hakupata kosa. Wakaingia, Ngollo akakanyaga.

Gari halikwenda.

Injini iliimba vizuri, mshale ukapanda, lakini bodi ilijikokota kama iliyofungiwa trela. Walishuka wakalizunguka. Nyuma lilikuwa limekaa chini, matairi yamemezwa na bodi. Wakafungua buti. Tairi la akiba na jeki. Basi.

"Injini haina kosa, springi hazina kosa," alisema Aftab, akijifuta mikono kwa hasira. "Basi kosa lipo na mimi silioni. Kosa nisiloliona silinunui. Twende zetu."

Revocatus akamvuta Ngollo kando, akanong'ona. "Lipeleke njia ya Kwihara. Peke yako, jua linapozama. Litafunguka."

"Kwa nini huko?"

"Nina sharti moja tu. Ukisalimiwa njiani, itikia. Ukiombwa msaada, usipite. Alikuja mkandarasi mmoja, mwenye uwezo kuliko wewe. Alipita akipiga honi. Nikamrudishia fedha zake, nikabaki na gari langu. Sitaki liende kwa mtu asiye na adabu."

Ngollo alikuwa amezoea kusikia masharti ya usitazame nyuma, usiseme neno, usile hiki. Sharti la adabu lilimwingia moyoni kama maji ya mtungi. Bei ilikuwa ileile aliyoiweza. Akalipa palepale.

"Haya, mimi narudi na bodaboda," alisema Aftab. "Likikufia porini, usinipigie simu."

Jua lilikuwa limegusa miti alipoziacha nyumba za mwisho. Barabara ilikuwa nyekundu, miyombo imesimama huku na huku, na hewani mlikuwa na harufu ya tumbaku inayokaushwa. Gari lilijikokota. Gia ya kwanza… ya pili… tena ya pili. Ngollo alipiga usukani kwa kiganja. Alimfikiria Julieth. Alizifikiria zile bati.

Kisha nyuma ya gari pakainuka.

Aliuhisi mwinuko huo mgongoni, kama punda aondolewapo magunia. Papo hapo gari likaruka. Gia ya tatu. Ya nne. Ya tano. Miti ikageuka ukuta, changarawe zikapiga chini kama mvua ya mawe, na Ngollo, mtu mzima mwenye mke na mtoto, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Alifika Kwihara kabla hajashiba mwendo. Akageuza, akaanza kurudi, mguu ukiwa tayari kukanyaga.

Taa zikamwangaza mtu.

Alisimama katikati ya njia. Alikuwa mrefu, mkavu, amejifunga kaniki kiunoni, na begani alibeba kitu kirefu kilichoviringishwa mkekani. Ngollo alisimamisha gari. Kuzima injini hakuzima, lakini ilizimika.

Kimya.

Halafu njuga… ndogo… mwishoni mwa mzigo.

Yule mtu akasogea dirishani. Alinuka nta, na vumbi lililoloa, na jasho la siku nyingi mno.

"Mwangaluka," alisema.

Ni salamu ya asubuhi, ya Kinyamwezi. Jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Ngollo alitaka kuondoka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Lakini mkono mmoja hauwezi kushindana na bibi aliyekulea, na mdomo ukajibu wenyewe: "Mwangaluka, baba."

"Nitue, mwanangu."

Kuna maombi ambayo mtu wa kwetu hajafundishwa kuyakataa. Hata adui yako akiwa na mzigo kichwani, utamtua kwanza, kisha mtagombana. Ngollo akashuka. Alipoukaribia mzigo ndipo alipoliona bega. Lilikuwa limelika. Nyama ilikuwa imebonyea kwa mfuo laini, kama kizingiti kilichokanyagwa na vizazi.

Akaupokea. Ulikuwa baridi. Ulikuwa mzito kuliko umbo lake. Akaulaza ndani ya buti, na springi zikalia.

Nyuma yake mtu alishusha pumzi ndefu, ndefu…

"Unaelekea wapi, baba, nikusogeze?" aliuliza Ngollo, akigeuka.

Hapakuwa na mtu.

Akafungua tena buti. Tairi la akiba na jeki.

Lakini gari lilikuwa limekaa chini.

Alirudi mjini kwa gia ya pili. Njia nzima hakutazama kioo cha kati, kwa kuwa kwenye kiti cha nyuma, kila gari lilipopita kwenye shimo, njuga zililia.

Asubuhi alimkuta Revocatus uani akianika nguo kwenye kamba ya juu, mikono yote miwili imeinuliwa. Alikuwa mrefu. Shingo yake ilikuwa ndefu, nyembamba, shingo ya kijana.

"Nani yule?" aliuliza Ngollo, bila salamu.

"Sijui. Nilimtua kama ulivyomtua wewe. Na aliyeniuzia alimtua."

"Anakwenda wapi?"

"Nilimwuliza kila jioni. Ujiji? Bagamoyo? Hakunijibu hata mara moja. Nadhani ni mpagazi wa zile zama za pembe; msafara wake umemwacha na hajaambiwa."

"Nirudishie fedha zangu."

Revocatus akaingia ndani, akatoka na bahasha ileile, akamnyooshea. "Chukua. Sina haja ya kukudhulumu. Ila uelewe: hakulitwika gari, amekutwika wewe. Ukiliacha gari hapa, utaondoka ukiwa naye begani."

Ngollo aliitazama bahasha, akamrudishia. Kisha akaingia garini.

Ndugu zangu, niwaeleze vipi ghadhabu ya mtu aliyeonja kitu mara moja? Aftab alibadilisha springi, akabadilisha shokapu, akashusha giaboksi, akaipandisha. "Nimefungua gari hii mpaka nimemwona aliyeiunda," alisema, "na bado ni nzito." Mtihani wa mwendo ukawa uleule: injini inaimba, bodi inaburuta. Bodaboda zilimpita. Baiskeli zenye mikungu ya ndizi zilimpita, na waendeshaji wakageuka kumtazama kwa huruma. Alikuwa na gari zuri kuliko yote aliyopata kuota, na hakuwa nalo.

Na shingo ikaanza kuzama.

Kwanza kola za mashati zilimpanda masikioni. Kisha wanafunzi wakaanza kumwigiza. Kisha Kabula, akiwa mapajani mwa mama yake, akauliza kwa nini baba anapita mlango wao kama mlango wa kuku. Usiku alilala kifudifudi, na Julieth akimkanda alihisi begani mwa mumewe mfuo, laini, unaoanza.

"Uza," alisema Julieth.

"Nimuuzie nani? Mhuni atampita yule mzee, naye mzee atarudi kwangu. Huyu anataka watu wazuri, Mama Kabula. Wazuri tu."

Julieth akarudi kumkanda bega.

Mwishoni mwa kiangazi alikuja Shilinde, kijana wa Igalula, fundi umeme aliyeanza kazi juzijuzi, mwenye akiba yake ndogo na ndoto ileile ya gia sita. Alimkuta Julieth akirudi kutoka kisimani. Kabla hajauliza habari ya gari alisema, "Shikamoo dada," akampokea ndoo, akaitua barazani bila kumwaga tone.

Ngollo aliona. Julieth aliona kwamba Ngollo ameona.

Wanaume wakalizunguka gari. Ngollo alisema injini ni nzima, akasema bei, akasema njia ya Kwihara ni nzuri kwa kujaribia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma. Alipoutoa ufunguo mfukoni, Julieth akasimama kati yao.

"Mdogo wangu," alisema, "kabla hujashika huo ufunguo, keti."

"Mama Kabula," alisema Ngollo.

"Nitamwambia. Kisha afanye apendavyo."

Akamwambia. Alieleza bega, njuga, salamu ya asubuhi wakati wa magharibi. Alimwonyesha shingo ya mumewe, akaishika kwa mikono miwili kama ashikavyo chombo kilichopasuka. Ngollo alikuwa ameinamisha uso. Machozi yalimdondoka moja kwa moja magotini, maana kichwa hakikuwa na mahali pengine pa kuelekea.

Shilinde alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka. Akafikiri.

"Sasa dada," alisema polepole, "mzee amesimama na mzigo, ananiomba nimtue… nitakataaje?"

"Useme hapana. Upite."

"Nimejaribu kulisema moyoni hapa nilipokaa. Halisemeki." Akamgeukia Ngollo. "Na wewe, kaka, nikuache hivyo?"

Akanyoosha mkono, si kwa haraka. Ngollo hakumpa ufunguo. Shilinde ndiye aliyeutoa kiganjani mwake, kwa adabu, kidole baada ya kidole.

Walisikia gari likiondoka, likijikokota. Wakaketi barazani. Adhana ya magharibi ikapita juu ya Mtendeni. Ikatulia. Mbwa mmoja akabweka, akaacha.

Kisha Julieth akaona shati la mumewe linashuka masikioni. Kola ikatua mahali pake. Ngollo akainua kichwa, akazitazama nyota zilizokuwa zinaanza kutoka, na wala hakuweza kufurahi.

Hadhirina, nimefika nilipotaka kufika. Nami sikuiokota habari hii vibarazani. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Igalula na mikoba yangu, jua linazama, gari la rangi ya fedha likasimama, na mwenyewe akanipa lifti. Tulikwenda polepole mno. Alikuwa na muda wa kunisimulia yote, neno kwa neno. Nilipofungua mlango wa nyuma ili niketi, alinizuia kwa upole, akaniomba nije mbele. Nilichungulia. Kiti kilikuwa kitupu.

"Samahani, ndugu," alisema. "Huko hakuna nafasi."

Jina lake ni Shilinde.