Miguu ya Shija na Tufe la Rahel

Kila siku baada ya masomo, Rahel Malimi alipita nyumbani kuacha begi, akavaa sweta juu ya fulana yake ya michezo, kisha akakimbia hadi kwenye jimu ya Kocha Suleimani. Jimu hiyo ilikuwa uani, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli la familia ya kocha, mjini Sumbawanga. Ilifunguliwa kocha akirudi kutoka swala ya alasiri. Vyuma vingi alikuwa amevitengeneza mwenyewe kwa mabomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Ukutani kulikuwa na kioo kirefu, na mbele ya kioo hicho, karibu kila jioni, alisimama Shija, kaka yake Rahel.

"Shikamoo, kocha!"

"Marahaba, Rahel. Umekula?"

"Nimekula ugali na maharage."

"Vizuri. Sitaki mtu aanguke humu kwa njaa."

Shija alikuwa fundi pikipiki. Alikuwa anajiandaa kwa mashindano ya kutunisha misuli, na kila aliyemwona alisifu kifua chake kipana na mikono yake minene. Jambo moja tu lilikuwa la ajabu: hata jua likiwaka, Shija hakuvua suruali yake ndefu ya mazoezi.

Rahel alikuwa Darasa la Sita, na mchezo wake ulikuwa kutupa tufe. Kocha alimkataza kabisa kugusa vyuma vizito, kwa sababu mwili wake ulikuwa bado unakua. Alimruhusu kupiga pushapu, kujivuta kwenye bomba na kunyanyua vyuma vyepesi. Rahel aliyapenda sana mazoezi hayo. Wavulana wa darasa lake hawakumfikia kwa pushapu, na alipokunja mikono ya sweta kuonyesha misuli, wenzake walishangilia.

Lakini kocha aliposema, "Leo zamu ya miguu," ghafla Shija alikumbuka pikipiki ya mteja, na Rahel alikumbuka kazi ya nyumbani. Kaka na dada walitoka mbio, wakicheka hadi barabarani.

Siku moja Mwalimu Kristiana, aliyefundisha michezo shuleni, aliwakusanya watupaji wa tufe uwanjani.

"Leo tunajaribu tu," alisema. "Kabla ya kufunga shule nitachagua wawili watakaokwenda kwenye mashindano ya wilaya."

Rahel alitabasamu. Alijua nafasi moja ni yake. Alisimama wima, akaweka tufe shingoni, akalisukuma kwa nguvu zote za mkono. Tufe likaanguka karibu kuliko alivyotarajia.

"Mwalimu, tufe hili linateleza," alisema haraka.

Mwalimu Kristiana alilifuta kwa pindo la kitenge chake, akamrudishia. Rahel akatupa tena. Safari hii lilianguka karibu zaidi.

Kisha akaja Nadhira, rafiki yake. Nadhira alikuwa mwembamba, na kwa pushapu hakufika popote. Alikunja magoti, akazunguka kidogo, akainuka kama aliyesukumwa na ardhi. Tufe likaruka, likapita alama ya Rahel, likachimba shimo kwenye majani. Watoto wakapiga kelele za furaha.

Rahel alisikia uso unawaka. Wakiwa njiani kurudi nyumbani alishindwa kujizuia.

"Nadhira, niambie ukweli. Nani anakufundisha?"

"Si Mwalimu Kristiana huyu huyu? Ila mwenzangu, wewe unatupa kwa mkono. Mimi natupa kwa miguu."

"Kwa miguu! Kwani mpira?"

"Haya, cheka. Sisi nyumbani ni juu mlimani, na maji tunachota bondeni. Miguu yangu haijui kupumzika."

Jioni hiyo Rahel alimweleza kocha yote, hata habari ya tufe kuteleza, ambayo haikuwa kweli. Kocha Suleimani hakumgombeza. Alivuta benchi fupi.

"Kaa hapa. Inua mguu mmoja, kisha simama kwa huo mwingine, bila kushika kitu."

Rahel aliinuka kidogo. Goti likatetemeka, akaanguka tena kwenye benchi, puu! Shija akacheka hadi akashika ukuta.

"Unacheka?" kocha akamgeukia. "Haya, zamu yako, bwana mkubwa."

Shija alikaa kwa madaha, akainua mguu, akajaribu kusimama. Akayumba kushoto, akayumba kulia, akaishia sakafuni na miguu juu. Jimu nzima ikacheka. Suruali yake ilikuwa imepanda hadi magotini, na Rahel akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: miguu ya kaka yake ilikuwa myembamba kama ya mtu mwingine kabisa.

Kicheko kilipopoa, Shija alibaki amekaa sakafuni.

"Kocha, mashindanoni tunapanda jukwaani na bukta," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka jana nilijitoa siku ileile. Niliwaambia watu naumwa. Sikuumwa. Niliogopa wataniona."

Rahel alimsogelea. Alimpa kaka yake mkono, akamvuta asimame.

"Kioo hiki kimewadanganya," alisema kocha. "Mnafanyia mazoezi kile mnachokiona na kile mnachosifiwa. Miguu mnaiachia siku ambayo mmechoka, na siku hiyo haifiki. Kuanzia kesho tunageuza. Mkifika hapa, miguu kwanza, mkiwa bado na nguvu. Mikono itasubiri."

Wakaanza. Shija aliweka chuma chepesi mabegani, akachuchumaa na kuinuka taratibu, kocha akimsahihisha mgongo. Rahel hakubeba chuma. Alichuchumaa na kuinuka kwa uzito wa mwili wake, alipanda na kushuka benchi, na alipanda mlima pamoja na Nadhira, wakiimba na kushindana nani atafika kwanza nyumbani kwa kina Nadhira. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mnyonge kuliko wa kulia, kwa hiyo kocha alimwambia kila zoezi aanze na wa kushoto.

Siku za mwanzo zilikuwa na vituko. Jumapili walipokwenda kanisani, kaka na dada walitembea kama bata kwa maumivu ya misuli. Mama yao, Mama Hellena, aliwauliza kama wameanguka kwenye baiskeli. Alipojua sababu alicheka, akawapakulia samaki na maziwa ya mgando, akawaambia walale mapema. Kocha naye aliwaamuru kupumzisha miguu siku moja kabla ya kuifanyisha kazi tena, maana msuli hujengeka wakati wa mapumziko.

Jioni moja Shija alichungulia mlangoni, akaanza, "Kocha, kuna pikipiki ya mteja..."

Rahel alisimama mlangoni na mikono kiunoni. "Kaka, pikipiki hiyo imepona tangu mchana. Nimeiona ikipita."

Shija akaguna, akacheka, akaenda kuchukua chuma.

Polepole mambo yakabadilika. Rahel alisimama kutoka kwenye benchi kwa mguu mmoja bila kutetemeka. Siku ya kuchagua watupaji wa wilaya, upepo ukivuma uwanjani, alikunja magoti kama Mwalimu Kristiana alivyomwelekeza. Akausikia msukumo ukianzia kwenye nyayo, ukapanda mapajani, ukapita mgongoni, ukafika mkononi. Tufe likaruka mbali kuliko lilivyowahi kuruka. Nadhira alimzidi kidogo tu, akamkimbilia na kumkumbatia. Wote wawili walichaguliwa.

Jumamosi iliyofuata ukumbi wa mjini ulijaa watu. Shija alipanda jukwaani na bukta nyekundu. Mwanzoni alitazama chini, kisha akamwona mama yake akipiga vigelegele, akakaza misuli ya mapaja. Watu wakashangilia. Alishika nafasi ya tatu, akashuka akiruka kama mtoto.

Nje ya ukumbi walinunua mahindi ya kuchoma, wakala wamesimama. Kocha Suleimani alimtazama Shija, kisha Rahel.

"Nawapongeza, na si kwa ushindi tu," alisema. "Kufanya unachokiweza ni rahisi, watu wanakusifu. Nyinyi mmekubali kusema, 'Hapa mimi ni dhaifu,' mkapafanyia kazi wiki baada ya wiki. Sehemu iliyobaki nyuma usiifiche wala usiidharau. Ipe zamu ya kwanza, ipe chakula na mapumziko, nayo itazifikia nyingine."

Rahel alitafuna mahindi, akafikiri.

"Kocha, hata sehemu za hisabati? Zile za nusu na robo, za kujumlisha na kutoa? Mimi huwa naziruka."

Wote wakaangua kicheko, hata Mama Hellena.

"Hizo hasa!" alisema kocha akijifuta machozi. "Jumatatu anza nazo, kichwa kikiwa hakijachoka."

Na Jumatatu, kabla ya kugusa somo lolote analolipenda, Rahel alianza nazo.