Mchochea Makaa wa Boti Nyeupe

Siku hiyo Mou Yuzhen aliamka vizuri tu. Alifua, akaanika, akamkaangia mumewe Guangfu tofu kwa pilipili, kisha akashuka ufukoni mwa mto, mjini Yichang, kuiona ile boti ya mizinga. Ilikuwa imeuzwa kama chuma chakavu, na kesho yake wangeanza kuikatakata.

Boti ile ililetwa kutoka Ulaya vipande vipande ndani ya masanduku, ikaungwa Shanghai mwaka 1908, ikapakwa rangi nyeupe. Kwa miaka kumi na mitano ilipanda na kushuka mto Yangtze kulinda meli za wafanyabiashara wa kigeni, watu ambao hakuna aliyewaalika. Guangfu alikuwa rubani wake. Kaka yake, Guangyao, alikuwa chini akichochea makaa, na huyo ndiye aliyekuwa mume wa kwanza wa Yuzhen.

Mwaka 1915 Guangfu alirudi peke yake, akasema kaka yake ameteremka mji wa Wanxian na mwanamke wa nyumba ya chai. Yuzhen alilia mwaka mzima. Mwaka wa pili akamlaani mumewe kila asubuhi. Wa tatu akaolewa na shemeji.

Mzee Pu, aliyekuwa mpishi wa boti na sasa mlinzi wake, alikuwa amekaa kwenye ubao wa kupandia akimenya karanga.

"Umekuja kuiita roho yake, mama? Umechelewa, lakini afadhali."

"Roho ya nani?"

Mzee Pu akaziweka karanga chini. "Ina maana Guangfu hakukwambia?"

Akamweleza kwa kunong'ona. Boti iligonga mwamba kwenye maporomoko ya Xintan, maji yakaingia chumba cha tanuri. Nahodha akauliza kama watu wote wamepanda juu. Guangfu akajibu, wote. Mfuniko wa chuma ukafungwa ili maji yasisambae, na boti ikaokoka. Kwenye kitabu cha kumbukumbu za boti wakaandika kwamba hakuna aliyekufa.

"Mfuniko uligongwa muda mrefu," alisema Mzee Pu. "Guangfu alikuwa anakutaka wewe, mama. Sote tulijua."

"Na sote mkanyamaza."

"Tulikuwa na kazi zetu."

Yuzhen alipiga hesabu. Miaka mitano amempikia muuaji, na kabla ya hapo alimlaani marehemu.

Alirudi nyumbani, akatoa shati kuukuu la Guangyao sandukuni, akamwambia Guangfu amsindikize botini. Aliyekufa majini huitwa pale pale alipofia, kwa nguo yake. Mmoja huita, na ndugu wa damu huitikia kwa niaba yake: nimerudi. Asipoitikiwa, roho hubaki majini milele. Na Guangyao hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Guangfu alipoliona shati, alijua ukweli umefika. Alimfuata.

Adhuhuri. Ukungu ulikuwa umeushukia mto. Mfuniko wa chumba cha tanuri ulikuwa wazi, na chini palionekana sakafu tupu, kavu.

"Nitaita," alisema Yuzhen. "Wewe uitikie. Sikuombi kingine maishani."

Akaliinua shati, amelishika sehemu ya mabega. "Guangyao, rudi nyumbani."

Guangfu alikaza midomo.

"Guangyao, rudi nyumbani."

Guangfu alitikisa kichwa. "Nikiitikia nitakuwa nimekiri," alinong'ona. "Mke wangu, usinifanyie hivi."

"Guangyao. Rudi nyumbani."

Ngo. Ngo. Ngo.

Chuma kiligongwa. Kutoka chini. Kule kutupu.

"Nimerudi," sauti ikasema.

Yuzhen aliijua.

"Guangfu," sauti ikaendelea, taratibu, bila hasira. "Mdogo wangu. Nifungulie."

Mfuniko ulikuwa wazi.

Guangfu alikimbia. Aliruka ubao wa kupandia, akampita Mzee Pu, akapotelea ukunguni. Yichang haikumwona tena.

Yuzhen alirudi na shati kifuani, bila kugeuka nyuma, kama desturi inavyotaka. Alilitandaza kitandani, upande wa mume. Akajilaza kando yake akiomba msamaha mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi shati lilikuwa limelowa. Godoro lilikuwa limebonyea ukingoni kabisa, na vumbi la makaa lilikuwa limeacha umbo la mtu aliyelala kwa ubavu, akiutazama ukuta, amempa Yuzhen mgongo. Ndivyo Guangyao alivyokuwa akilala kila alipokosewa.