Ng'ambo ya Mto wa Mchanga

Ndinda na mumewe Kyule walikuwa wakichuma ndengu shambani mwao, karibu na Zombe.

"Wewe unachuma au unazibembeleza?" Ndinda alimtania.

Kyule alicheka. Mara akapiga kelele. Nyoka alikuwa amemuuma mguuni.

Ndinda alipigia ambulensi simu.

"Mko wapi, mama?" dereva aliuliza.

"Ukitoka kituo cha afya, vuka mto, halafu uulize kwa jirani yetu Musyimi."

Dereva alikuwa mgeni, na mto wa huko hukauka kiangazi. Alivuka uwanda wa mchanga bila kujua kwamba huo ndio mto. Akaendelea mbele, akitafuta maji. Alipouliza kwa Musyimi, alielekezwa kwa Musyimi mwingine. Alipofika hatimaye kwa Ndinda, Kyule alikuwa amekata roho mapajani mwa mkewe.

Baada ya mazishi, Kathini, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja.

"Mama Muli, nataka kutia boma lako kwenye ramani."

"Ya nini? Aliyeihitaji tulimzika juzi."

"Mwanao Muli yuko. Wewe pia uko."

Ndinda alimpa simu yake. "Haya, nionyeshe."

Walisimama nje, mahali peupe. Kathini alifungua ramani, akangoja nukta ya buluu inayoonyesha walipo itulie, akaibonyeza na kuhifadhi alama.

"Ukipiga simu, mtumie dereva alama hii," alisema. "Sasa tazama duara hili. Katikati ni kituo cha afya. Nyumba zote zilizo ndani ya kilomita tano tunazitia alama."

"Mimi niko ndani?"

"Ndani kabisa."

Machozi yalimtoka Ndinda. "Karibu hivyo, na bado amekufa!"

Kathini alingoja atulie. "Duara hupima moja kwa moja, kama ndege anavyoruka. Gari hufuata njia. Kwa hiyo tunaonyesha pia pa kuvukia mchanga, na njia ya kuzunguka mvua ikinyesha."

Siku hiyo wawili hao walipita boma kwa boma.

Msimu uliofuata, nyoka alimuuma jirani yao Kavata. Ndinda alimtumia dereva alama ya boma la Kavata. Dereva yule yule alifika bila kuuliza mtu njia, na Kavata akapona.

Aliporudi nyumbani, Kavata alikuja kushukuru. "Mama Muli, walifika upesi! Sikuamini."

"Eeh," Ndinda alijibu, akitazama upande wa kituo cha afya. "Si mbali."