Shati Lenye Tundu Mgongoni

Kabati lilikuwa wazi, kufuli halina mkwaruzo hata mmoja, na shati halikuwemo.

Inspekta alipiga magoti akamulika tochi ndani. Gazeti lililofungiwa shati lilikuwa limekunjwa vizuri na kurudishwa mahali pake.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la cherehani. Kila Jumamosi akina mama tisa, ambao watoto wao waliuawa na polisi, walikutana hapo. Waliandika barua, walitafuta wakili, walisindikizana hospitali. Kesho mahakama ingesikiliza kesi ya mtoto wa mshonaji mwenye duka, fundi baiskeli aliyepigwa risasi. Askari aliyempiga aliandika kwamba kijana alimvamia kwa kisu. Lakini shati la kijana lilikuwa na tundu mgongoni, na hapakuwa na ushahidi mwingine.

"Nani ana ufunguo?"

"Upo chini ya cherehani, wote tunajua," alijibu mshonaji. "Lakini afande, tusizungushane. Wenzako ndio wamelichukua."

"Inawezekana. Ila wenzangu ninavyowajua, hawakunji gazeti."

Mama mmoja akacheka, kisha akajiziba mdomo.

Inspekta hakucheka. Tangu akabidhiwe jalada la kesi hiyo ya askari mwenzao, akiingia kantini ya kituo watu hunyamaza. Alisogea kwenye jiko la mkaa mlangoni, akachokoa majivu kwa kalamu. Vikatokea vifungo vitatu vya chuma, vyeusi kwa moshi.

Mshonaji aliviona, akakaa sakafuni pale pale.

"Nilivishona mwenyewe," alisema.

"Leo jiko kawasha nani?"

"Mama Chai, kama siku zote. Lakini huyo mwache, afande. Nilipokuwa siwezi hata kuinuka, ndiye aliyenilisha uji kwa kijiko."

"Mwanawe aliuawa lini?"

Akina mama wakatazamana.

"Humu hatumuulizi mtu," mshonaji alisema. "Mama husema siku akiweza."

"Na yeye?"

"Bado hajaweza."

Pembeni, Mama Chai, bibi wa makamo, alikuwa anapangusa vikombe vilivyokwisha kukauka. Inspekta alivuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Mama, una haki ya kutonijibu. Mwanao yuko wapi?"

Kitambaa kilisimama.

"Yuko kazini, mwanangu. Unamjua. Mnakula kantini moja."



"Ni yule askari?" inspekta aliuliza.

"Ndiye." Bibi aliweka kikombe chini taratibu. "Siku ya kwanza nilikuja kuomba msamaha. Kabla sijafungua mdomo wakanipa kiti, wakanifunika blanketi. Walidhani nami nimefiwa. Nikasema nitawaambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi mitatu. Leo asubuhi nikawaza, kesho wanamfunga. Nikalichoma. Ninaye huyo mmoja tu."

"Na mimi nilikuwa na wangapi?" mshonaji aliuliza.

Bibi alikikunja kitambaa vizuri.

"Alikuambia nini?" mshonaji aliuliza tena. "Nataka kujua. Alikuambia mwanangu alifanya nini?"

"Alisema alikuwa anakimbia. Hakushika kisu. Kisu walimwekea baadaye."

Mama mmoja akaanza kulia. Inspekta alifungua daftari lake, lakini hakuandika.

"Mama, kuharibu ushahidi ni kosa, na utashtakiwa. Lakini shati limekwisha kuwa majivu. Maneno yako ndiyo yaliyobaki. Sikulazimishi. Nikiyaandika, kesho utayasema kizimbani, naye mwanao amekaa mbele yako."

"Na nikikataa?"

"Atarudi kazini."

Mshonaji aliinuka. Inspekta alijiandaa kumzuia, maana hasira ya mzazi aliijua. Lakini mshonaji hakumgusa bibi wala hakumtukana. Aliona vikombe mbele ya bibi viko ukingoni mwa meza, akavisogeza katikati visije vikaanguka, akarudi kukaa.

Bibi alikiweka kitambaa juu ya meza. Kisha akamgeukia inspekta.

"Andika, mwanangu," alisema. "Andika upesi, kabla sijawa mama yake tena."